Manowari Iliyogoma Kuzama

Kamba haikukatika. Iliachiliwa. Damaris alimwona kwa macho yake mtu wa tagi, ile meli ndogo iliyokuwa ikiwavuta, akiinama nyuma na kufungua ndoano. Kamba ya chuma ikarudi ikivuma, ikampasua Brandon mkono, ikatumbukia baharini. Tagi ikamezwa na mvua. Wakabaki watatu juu ya manowari kuukuu isiyo na injini, watu wa milimani wasiojua kuogelea.

Ajenti aliyewatoa Kisii alisema ni meli ya watalii. Damaris wa Nyamache atapika. Brandon, fundi wa jenereta pale Daraja Mbili, atashika mitambo. Mzee Ondieki wa Nyamira, mpasua magogo, atakuwa seremala. Sisi wazazi kule nyumbani tukashukuru, tukaomba, tukachinja kuku. Hakuna aliyeuliza inaenda wapi. Kumbe ilikuwa inapelekwa kukatwakatwa iwe vyuma chakavu, na hao watatu wamewekwa humo kupiga pampu tu.

"Si tuhepe na lile boya?" Brandon aliuliza, jasho likimtoka.

Ondieki alilivuta boya la kuokolea. Likameguka mikononi kama gamba kavu la mgomba.

"Basi hatuhepi," Damaris alisema, akimfunga Brandon jeraha kwa leso yake. "Kaza meno. Vidole vinasogea?"

"Vinasogea."

"Utapona."

Chini, maji yalikuwa yakiingia kwa kishindo. Ondieki alimulika tochi, akamwita Damaris.

"Mama Nyasani, njoo uone. Hapa iligongwa na bomu la majini wakati wa vita. Hiki ni kiraka. Na pale juu ni mashimo ya risasi za ndege, yakazibwa. Mpishi wa tagi aliniambia iliungua, ikavutwa bandarini, ikaundwa upya, ikarudi vitani kusindikiza meli za chakula. Wakaiuza nchi nyingine. Huko nako ikapigana. Uzeeni ikawa ya kutazamwa na wanafunzi."

"Na miaka hiyo yote haikuzama?"

"Ingezama tungekuwa tumesimama wapi?"

Damaris alicheka, cheko la hasira. "Basi haianzi na mimi. Nina mtoto gredi ya pili."

Wakavunja meza ya maofisa. Ondieki akachonga kabari, vipande vyembamba mbele na vinene nyuma, kama vile vya kupasulia mikaratusi. Damaris akabana godoro kwenye ufa wa kile kiraka, maji yakimpiga kifuani, akazigongomea kabari moja baada ya nyingine. Mbao zikanywa maji, zikavimba, zikakaza. Viganja vyake vikachanika. Akaendelea kugonga.

"Mzee, unachonga pole pole kama unamtengenezea mkwe kiti!" Brandon alipiga kelele, mkono mmoja kwenye pampu.

"Wewe piga pampu. Mdomo wako hautoi maji."

Wakakinga mvua kwa sufuria, wakanywa kwa zamu, aliyejeruhiwa kwanza. Meli ikalala upande, ikagoma kuinama zaidi.

Bahari ilipotulia, tagi ikarudi. Kapteni hakuuliza nani mzima. Akarusha kamba nyembamba ya kuvutia ile nene, akafoka kwa kipaza sauti: "Fungeni haraka!"

Damaris aliishika kamba. Brandon akanyoosha mkono wake mzima asaidie.

"Acha," alimwambia. Kisha akapaza sauti: "Leta mashua! Watu kwanza, vyuma baadaye!"

"Funga, au hamlipwi!"

Akaiachia kamba majini. Kapteni akarusha tena. Damaris akaidaka, akamwonyesha vizuri, akaiachia tena. Ondieki akaketi chini, akaanza kunyoosha miguu kama mtu aliye kwake.

Mashua ikaja.

Walipokuwa salama ndani ya tagi, kapteni alifoka, "Na sasa nani atapanda kufunga kamba?"

"Panda wewe," Damaris akamjibu. "Pampu iko upande wa kulia."

Kapteni akawageukia mabaharia wake. Kila mmoja akatazama viatu vyake. Ikabidi washike njia ya pwani mikono mitupu, manowari ikibaki nyuma, imeinama, inaelea.

Siku hizi Damaris habembelezi mtu. Ajenti akiweka meza ya kuandikisha watu kazi Kenyenya siku ya soko, yeye husimama mbele yake, viganja vyenye makovu vikiwa wazi, na haondoki mpaka meza ikunjwe. Mzazi mwenzangu, ukimkuta hapo, usipite. Simama kando yake.