Chemchemi Chini ya Nyumba ya Kwanza

Maji yalitoka sakafuni mwa nyumba ya Phelesia mchana wa jua kali, wala hakukuwa na bomba lililopasuka. Alipangusa, yakarudi. Alinusa tambara: matope ya kale, na kitu kama maziwa yaliyochacha.

Nyumba hiyo alipewa na Pasta Clifford, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye Phelesia alimlea kwa uji tangu akiwa mchanga. Kanisa lilitaka kujenga nyumba za kupangisha kwenye ardhi ya kanisa lenyewe hapo Homa Bay, na kaunti ikasema kiwanja cha ibada hakibadilishwi matumizi jirani akipinga. Jirani alikuwa Phelesia. Mpakani palikuwa na chemchemi yenye kichaka ambacho wazee hawakuthubutu kukikata.

"Mama, wewe usipinge tu," Clifford alimbembeleza. "Nyumba ya kwanza itakuwa yako."

Hakupinga. Kichaka kikakatwa, na nyumba ya kwanza ikasimama pale pale mpakani.

Sasa alisikia mtu akinywa chini ya saruji, mafunda marefu ya mwenye kiu, kisha kikohozi, kisha jina lake likiitwa taratibu kutoka bafuni, kutoka chini ya kitanda, kutoka ndani ya sufuria aliyoishika mkononi, mpaka akaogopa hata kumeza mate asije akasikika.

Akamwita Nyasuguta, mganga. Nyasuguta alipiga magoti, akaweka sikio sakafuni.

"Unamdai nini mama huyu?" akanong'ona.

"Maji yangu," sakafu ikajibu. "Pasta alinimwagia maziwa kabla ya kuchimba msingi. Akasema ruhusa ilitoka kwa Phelesia. Akasema nimdai yeye."

Phelesia alikwenda kanisani. Clifford alikuwa akipanga viti.

"Ni kweli?"

Hakukana. "Mafundi walikuwa wanaugua, Mama. Ilibidi awepo mtu wa kudaiwa. Mimi nina watoto. Wewe umeshaishi." Akavuta kiti kingine.

Aliporudi, Phelesia hakulia. Aliketi kwenye maji yale.

"Sikujua watakufunika," aliiambia sakafu. "Aliyekufunika ndiye aliyenitoa mimi kafara. Nami nilimbeba mgongoni."

Kisha, karibu kabisa na goti lake, sauti ikauliza kwa upole, "Analala wapi?"

Nyasuguta, aliyekuwa akimsubiri pale, alimshika mkono. "Usijibu. Kuna watoto nyumbani kwake."

Lakini Phelesia alikuwa ameshasema, na maji yalikuwa yakiondoka kuelekea mlangoni.