Vidole Viwili vya Pindo

Kila nilipotoka shule nilivua viatu mlangoni, nikanawa mikono, nikachukua mkasi. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda chake. Yeye alishona, mimi nilikata na kumalizia pindo kwa mkono. Kwa kuwa futi ya kupimia ilikuwa haitoki shingoni mwangu, mtaa mzima uliniita Futi.

Sketi za shule za Mama zilisifika kwa pindo la vidole vinne. Mtoto akirefuka, mzazi analifumua na kulishusha kidogo, na sketi inavaliwa hadi mwaka wa tatu. Wateja walimfuata kwa hilo.

Mwaka ule watu kumi na wanne walilipa mapema. Kama kawaida yake, Mama aliziweka pesa kwenye kopo, akingoja zifike za kununua jora zima, maana jora ni nafuu kuliko kukatiwa kwa mita. Miaka yote ilikuwa akili nzuri. Mwaka ule ilituponza. Uchaguzi uliisha, wakubwa wawili wakatangaza kila mmoja kwamba ndiye mshindi, na wenye pesa wakaanza kuzikimbia noti za nchi kama zinaungua, wakinunua dola na bidhaa. Duka la vitambaa likafungwa siku tisa. Lilipofunguliwa, bei ilikuwa karibu mara mbili.

"Tajiri, haya majora si yaleyale ya mwezi uliopita?" Mama alimuuliza mwenye duka.

"Yaleyale, Fundi," alijibu bila haya. "Pesa yako ndiyo siyo ileile."

Nilimchukia siku hiyo, nasema kweli. Njiani tulimkuta kinyozi jirani yetu anachekelea. Bei ya kunyoa ilikuwa imepanda, lakini deni lake la mwaka jana lilibaki palepale, kwa hiyo alilimaliza kwa wiki moja. Aliyemkopesha hakuwa na la kuchekea.

Mama alijazia akiba yake yote, na bado kitambaa kilitosha sketi kumi na nne tu. Ya kumi na tano ilikuwa yangu.

"Utavumilia ile ya zamani, mwanangu. Za watu zimeshalipiwa."

Ile ya zamani iliishia juu ya magoti, na pindo lake lilikuwa limeshakwisha. Shuleni kwetu sketi fupi ilimrudisha mtu nyumbani, na muhula huo ulikuwa wa mtihani wa mwisho. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikapiga hesabu. Nikiiba vidole viwili kwenye kila pindo, napata kitambaa cha sketi nzima. Kesho yake, Mama alipotoka kutafuta uzi, nilikata zote kumi na tano.

"Kimetosha, Mama! Nimepanga vizuri tu."

Alinitazama kidogo, kisha akakaa kwenye cherehani. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na mimi aliniamini.

Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, sketi zote zikiwa zimeshachukuliwa, aliingia Bibi Nesi, muuguzi mstaafu aliyemlea mjukuu wake peke yake.

"Shikamoo, Bibi," Mama alisema.

"Marahaba. Fundi, pindo langu liko wapi?"

Aliigeuza sketi ya mjukuu wake ndani nje. Mama akapima kwa vidole vyake. Viwili vilienea, viwili havikupata nafasi. Uso ukamsawijika.

"Pensheni yangu haijaongezwa hata senti," Bibi alisema. "Mwezi jana ilininunulia unga, mafuta na sabuni. Mwezi huu ni unga, basi. Sketi hii nilitaka imfikishe mwaka wa tatu. Nyingine nitaitoa wapi?"

Mama alinigeukia. Sikungoja aniulize.

"Ni mimi. Nimepata yangu humo."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliishusha sketi yangu mpya kutoka msumarini, akanipa mkasi.

"Fumua."

Niliifumua, nikaikata mikanda kumi na minne, huku machozi yakidondokea kitambaa. Nikazunguka nyumba kwa nyumba, nikaeleza nilichofanya mlangoni pa kila mtu na kuomba sketi nikaiunge. Mama mmoja aliniita mwizi mbele ya watoto wake. Hakukosea. Nilipokea sketi yake, nikaenda kuiunga kama zingine.

Asubuhi ya kufungua shule nilivaa sketi ya zamani, iliyoungwa chini kwa kipande cha pazia. Rangi zilikataa kabisa kupatana.

"Mwalimu mkuu nimeshaongea naye," Mama alisema. "Utaingia."

"Watanicheka. Na Tajiri je? Mbona yeye hakufumua chochote?"

Mama aliketi. "Mali ya Tajiri ilikuwa vitambaa, yetu noti kwenye kopo. Wakubwa wakigombana, noti ndizo zinazoyeyuka, na anayeumia ni mwenye vijinoti vyake na mwenye pensheni. Hilo hukulifanya wewe, na mimi siwezi kulizuia. Lakini hasara Tajiri alinisukumia mimi, wewe ukamsukumia Bibi. Haya niambie, Bibi amsukumie nani?"

Nilimsogelea. Alinifunga vizuri kifungo cha kiuno, akanifungulia mlango.