Abee, Mama

Usinibishie, hukuwako. Mimi nilikuwako, na aliyeitwa ni mdogo wangu wa kuzaliwa.

Mwaka wa themanini na nane, hapa Bofu ya Likoni, mwenye deki ya video alikuwa Mbwana peke yake. Jumapili mchana alitundika mablanketi madirishani, tukajazana sebuleni kwake. Filamu zilikuwa za Kizungu, kwa hiyo Jefwa, Mgiriama mmoja mcheshi, alisimama kando ya televisheni akitutafsiria. Kiingereza chenyewe hakukijua! Alitunga tu, na utani wake ulikuwa kuwatia majirani ndani ya filamu.

Siku hiyo filamuni palikuwa na zimwi lisilo na macho. Likafumbua kinywa, Jefwa akalisemea kwa sauti nzito: "Namtaka Waridi! We Waridi!"

"Abee!" akaitika mdogo wangu.

Watu walicheka mpaka machozi. Waridi alikuwa mtoto wa miaka tisa, na mama alimlea hivyo, mkubwa akikuita, itika. Lakini zimwi lilisimama. Likatugeuzia uso.

"Waridi," likasema tena. Jefwa alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono.

Tangu hapo mtoto hakupumzika. Awe jikoni, awe msalani, atakuja mbio, midomo imemkauka. "Dada, umeniita?" Sijamwita. Mama aliposikia habari hiyo alimvuta kifuani.

"Umekwisha kulijulisha ulipo," akamnong'oneza. "Usiitike tena, mwanangu. Ukiitika litakuchukua."

Akatukataza sote kulitaja jina lile. Tukimtaka, twamgusa bega. Mama ndiye aliyeumia zaidi, maana alizoea kumwita kwa kuvuta, "Waridiii," hata majirani wakimwiga. Waridi naye akanywea.

"Dada, mama hanipendi tena?" aliniuliza jioni moja.

"Wacha ujinga," nikamwambia, nikamkumbatia.

Miezi ikapita. Siku moja mama alivuka feri kwenda sokoni Kongowea. Sisi tulikuwa ukumbini tukichambua mchicha, jua la adhuhuri linawaka. Sauti ikatoka uani.

"Waridiii."

Ilikuwa ya mama. Nikamdaka mtoto mkono.

"Mama hayuko," nikanong'ona. "Nyamaza."

"Waridiii, mwanangu."

Akanitazama. Wallahi, sijaona uso wenye furaha kama ule.

"Ameniita, dada."

"Nyamaza!"

"Abee, mama!"

Akanichomoka. Nikamfuata mbio. Uani hapakuwa na mtu. Mlango wa nyuma ulikuwa umetiwa komeo. Ndara zake zilikuwa katikati ya ua, na juu yake mchicha aliokuwa ameushika, umekauka kama uliovunwa mwezi uliopita.

Yarabi! Tulimtafuta Likoni nzima. Hatukupata hata unywele.

Mama hakunigombeza. Jumapili alikwenda kwa Mbwana, akataka awekewe mkanda ule. Jefwa hakukanyaga tena pale. Zimwi likafumbua kinywa, bila sauti yoyote. Mama akapiga ukelele, akamwita mwanawe.

Mbwana alitaka kuuchoma ule mkanda, mama akamlilia miguuni. Kila Jumapili akawa yuko pale, amekaa chini mbele ya televisheni, mkono shavuni.

"Rudisha nyuma kidogo, baba."

Zimwi lafumbua kinywa. Mama aita, kwa kuvuta, "Waridiii."

Na Waridi huitika.