Cheti cha Munguti

"Cheti cha Munguti kilitoka Machi mwaka jana," karani wa chuo akasema, akigeuza daftari. "Jionee. Alituma barua ya ruhusa, kikachukuliwa na mke wake, Kaveke."

Naipanoi akasoma mara tatu. Wiki iliyopita tu alikuwa ameuza mtamba wake sokoni, elfu arobaini na tano, akamtumia Munguti zote. Munguti alikuwa amemlilia kwamba ana deni la fii ya mihula miwili, chuo kimekalia cheti chake cha kilimo, na bila cheti hakuna kazi. Bila kazi, posa ataileta na nini? Msichana wa watu akaamini. Mapenzi haya, wacha tu.

Akauliza kama kuna Munguti mwingine. Hakuna. Karani akamwambia darasa lile walimaliza ishirini na sita. Wengi wanaendesha bodaboda, wawili wanauza dawa za mifugo Kitengela. Munguti ndiye aliyebahatika, anasimamia shamba la nyanya kule Kimana.

Naipanoi akamwandikia: "Cheti kimefika wapi?"

Simu ikaita papo hapo.

"Babe, niko chuo saa hii," Munguti akasema. "Wanadai kumebaki elfu nane hivi."

"Uko chuo wapi?"

"Hapa kwa dirisha la karani."

"Kwa hilo dirisha niko mimi, Munguti. Kaveke ni nani?"

Munguti akacheka, yule mbwa, akacheka kabisa.

"Si sasa umejua? Kwani ni mimi nilikushikia kamba ukiuza ng'ombe? Na ulidhani mimi na diploma yangu nitaoa mtu wa form two?"

Akakata. Naipanoi akapiga tena na tena, kumbe namba yake imeshafungiwa.

Alifika nyumbani macho yamevimba. Baba yake, mzee Kisemei, alikuwa amerudi kutoka Mashuuru mchana huo na tayari alikuwa amezunguka boma. Mtamba yule alimpa bintiye kwa mkono wake mwenyewe.

"Naipanoi, mtamba wako sijamwona."

Aibu haikumruhusu kusema ukweli.

"Alikufa, papa."

Mzee akamtazama sana. Hata sauti hakupandisha.

"Ng'ombe akifa huacha ngozi. Nionyeshe."

Naipanoi hakuwa na ngozi ya kuonyesha, wala mume.