Sura Isiyo na Lebo

Kila siku baada ya masomo, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia kwenye chumba cha kazi cha mjomba wake. Alivua viatu mlangoni, maana mjomba hakutaka vumbi karibu na mashine zake, akamwamkia, kisha akaketi kwenye kompyuta ya dirishani. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno, ndiyo maana nyumbani walimwita Chapuchapu. Yeye alilichukua jina hilo kuwa sifa tupu.

Mjomba alikuwa mwandaaji wa vitabu vya shule. Aliviandaa kwa lugha ya kompyuta iitwayo XML. Katika lugha hiyo, kila kipande cha maandishi hufungwa ndani ya lebo inayosema kipande hicho ni kitu gani. Kichwa huandikwa hivi: <kichwa>Kazi ya moyo</kichwa>. Lebo ya kwanza hufungua, na ya pili, yenye mkwaju, yaani kile kistari cha mshazari, hufunga. Aya, swali na jibu navyo vina lebo zake. Kazi ikiisha, programu moja hulisoma faili hilo na kupanga kurasa za kuchapwa. Nyingine hulisoma faili hilohilo na kuligeuza kuwa sauti, kwa ajili ya wanafunzi wasioona.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa kaka yake Chapuchapu. Ugonjwa wa macho ulimpofusha angali mdogo, lakini haukumkatisha tamaa. Jumatatu alikuwa na mtihani wa sayansi wa kumaliza sekondari.

"Imebaki sura ya mwisho, ya moyo na damu," mjomba alimwambia Chapuchapu Ijumaa hiyo. "Ndiyo anayoingojea kaka yako. Nakuachia wewe, mpwa wangu. Usiilipue tu ili umalize haraka."

Chapuchapu alianza vizuri. Alipobonyeza kikaguzi, ile programu inayotafuta makosa ya lebo, skrini ilijaa mistari myekundu. Hapa swali halijafungwa, pale jibu limefungwa kwa lebo ya swali. Alirekebisha, akakagua tena, wekundu ukabaki. Mara wenzake wa netiboli wakachungulia dirishani.

"Wewe, tunakungoja wewe tu! Au umeolewa na hiyo kompyuta?"

Wakacheka, naye akacheka, lakini moyo ulishatoka nje. Akaona njia ya mkato. Alifuta lebo zote za vichwa, maswali na majibu, akaitia sura nzima ndani ya aya moja ndefu. Mahali pa vichwa akaweka lebo ya <nene>, inayokoleza wino tu, na akakata mistari ili maswali yakae yamepangana. Akabonyeza kikaguzi. Hakuna kosa! Ukurasa wa kuchapwa ulipotokea, ulipendeza macho.

"Umeweka lebo zote zinazotakiwa?" mjomba aliuliza akiutazama.

"Nimeweka, mjomba."

Mjomba alimwamini, akatengeneza sauti ya sura hiyo na kumpelekea kaka.

Kesho yake asubuhi Chapuchapu alimkuta kaka yake mezani, kifaa cha kusomea kikiwa mbele yake. Kifaa hicho kilikuwa na kitufe cha kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Kaka alikibonyeza.

"Mwisho wa kitabu," ikasema sauti.

Alirudi mwanzo wa sura, akasikiliza. Maelezo, maswali na majibu vilimiminika bila kituo kama maji ya bomba lililopasuka. Akapotea, akabonyeza tena.

"Mwisho wa kitabu."

"Vipi, kaka?" Chapuchapu aliuliza.

"Sijui, mdogo wangu. Sura nyingine zote nilizimudu. Katika hii naitafuta sehemu ya mishipa ya damu tangu alfajiri, siipati." Akakisukuma kifaa pembeni. "Labda kichwa changu ndicho kizito. Nitamwambia mwalimu nisubiri mtihani wa mwakani."

Maneno hayo yalimchoma Chapuchapu. Kaka angemkaripia, angalau yeye angepata nafuu. Lakini kaka alikuwa anajilaumu mwenyewe kwa kosa lisilo lake.

"Si kichwa chako, kaka! Ni mimi. Niliilipua kazi, nikamdanganya mjomba." Akaangua kilio.

Kaka alimgeuzia uso. Kisha akasema taratibu, "Basi usinililie mimi. Nenda kaseme huko ulikodanganya."

Chapuchapu alikwenda mbio. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, uso umemsawijika. Hakumpiga wala hakufoka. Alimkalisha kitini, akaiwasha ile sauti, akasema, "Fumba macho. Nitafutie mishipa ya damu."

Chapuchapu alibonyeza, akarudi mwanzo, akabonyeza tena, wapi! Machozi yakapenya kati ya kope zilizofumbwa.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," mjomba alisema. "Wewe kwa macho uliona wino mzito, ukajua ni kichwa. Kaka yako haoni wino. Mwangaza wake ni lebo, nawe umeuzima."

Walifanya kazi pamoja kutwa nzima. Mara hii Chapuchapu hakukimbilia kikaguzi. Alisoma kila kipande kwanza, akajiuliza ni kitu gani, ndipo akakiwekea lebo yake. Wenzake walipochungulia dirishani, aliwapungia mkono tu.

Jioni walikwenda pamoja kumpelekea kaka sauti mpya. Akabonyeza kitufe.

"Kazi ya moyo," ikasema sauti. Akabonyeza tena. "Mishipa ya damu."

Kaka alivuta kiti karibu, akainamia kifaa, akaanza kusoma.

Mjomba alimshika Chapuchapu bega, wakatoka taratibu.

"Kikaguzi hujua kama umefunga ulichofungua, basi," alimwambia barazani. "Hakijui kama umesema kweli. Hilo nilikuachia wewe, mwanangu, na Jumatatu jioni nitakuachia tena, katika kitabu kipya."