Zainab Auliza Hali ya Mumewe

Kila asubuhi Zainab alivaa koti juu ya buibui, akaenda kwenye kibanda cha simu hapo Queensbury. Ulikuwa mwaka wa pili tangu yeye na mumewe Jaffar watoke Unguja kuhamia nchi ya Waingereza. Tangu Jumatatu Jaffar alikuwa amelazwa mbali, safari ya mabasi matatu. Zainab alipiga simu hospitali kuuliza hali yake. Nesi alijibu lile lile, "He is comfortable."

Neno hilo, comfortable, Zainab alilijua kuwa ni starehe. Aliliona limeandikwa kwenye viti dukani. Alimshukuru Mungu, akakata simu. Kwao, kupeleleza sana habari za mgonjwa ni uchuro. Ukiambiwa hajambo, unasema alhamdulillahi, basi.

Maadamu anastarehe, angengoja Jumapili ndipo aende kumwomba radhi. Siku Jaffar alipougua walikuwa wamenuniana. Zainab alimwambia, "Umenileta huku kunizika." Maneno hayo sasa yalimchoma mwenyewe.

Alhamisi jirani yake Mwatima, nesi wa hospitali nyingine, alikuja kunywa chai.

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Wanasema comfortable. Anastarehe."

Mwatima akaweka kikombe chini. "Dada, kwa kiti ndiyo starehe. Kwa mgonjwa, maana yake hana maumivu makali. Hata anayekata roho husemwa hivyo. Mwenzangu kazini, Luz, Mfilipino, anasema kwa lugha yao, Kitagalog, hayo ni maneno mawili mbalimbali. Maisha ya raha wanayaita maginhawa. Mgonjwa wa namna hii wanasema hindi nahihirapan, yaani hateseki. Tazama kwanza neno linasemwa juu ya nini, ndipo ulifasiri."

Zainab akainuka, akatwaa koti lake. "Sasa niulize vipi?"

"Uliza, anakula? Anazungumza? Nije leo? Kuuliza si uchuro, dada."

Walikwenda pamoja kwenye simu. Zainab akauliza yote matatu. Nesi akamwambia aje sasa hivi.

Alipofika hospitali, Jaffar alikuwa amedhoofika sana, lakini alimtambua. Zainab akamshika mkono.

"Nilikukosea, bwana. Nipe radhi zako."

"Nimekupa," alisema Jaffar kwa taabu. "Na mimi nipe zako. Nimekuleta mbali."

"Nimekupa, bwana."

Jaffar alifariki kesho yake, Ijumaa, kabla ya adhuhuri.

Zainab alikaa eda akilia. Alizililia zaidi zile siku nne alizoshinda nyumbani, mumewe yuko peke yake. Kila jirani aliyekuja kumpa pole naye ana mgonjwa wake, Zainab alimwambia, "Usitosheke na hajambo. Uliza kama uende."