Mama Yangu Si Mbuzi

Kila asubuhi Ng'washi alitoka kwa shangazi yake Iyunga akiwa na nguo safi za mama yake aliyelazwa hospitali mjini Mbeya. Mama alikuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana. Baba alikuwa amerudi Usangu kwa ng'ombe, akiwa na imani, kwani Daktari Kalinga, bingwa wa upasuaji, alimwahidi: "Nitampasua mwenyewe."

Siku hiyo alimkuta kijana mwenye koti jeupe kando ya kitanda.

"Shikamoo."

"Marahaba. Naitwa Tadeo, nasomea upasuaji kwa Daktari Kalinga. Kesho daktari akishauondoa uvimbe, mimi ndiye nitakayemshona mama utumbo. Nimeona heri mjue kwamba sijawahi kushona utumbo wa mtu. Mwaka mzima nashona wa mbuzi wa buchani, kwa mazoezi. Nikimaliza naujaza maji, ukivuja nafumua, naanza upya."

Ng'washi alipandwa na hasira. "Mama yangu si mbuzi! Kwa kuwa tumetoka porini, ndiyo mje kujifunzia kwetu?"

Nani angemlaumu? Uahidiwe bingwa, uletewe mwanafunzi! Hata wewe ungefoka.

Kelele zilimleta Daktari Kalinga. Alimkazia macho Tadeo. "Nani kakutuma uwaambie?"

Loo! Hapo ndipo moto ulipowaka. "Shikamoo, daktari," alisema Ng'washi, maana adabu alifunzwa. "Lakini umetudanganya! Mtu mzima mzima!"

Mama akajiinua kwa kiwiko.

"Mwacheni aseme, hata mimi nimeudhika. Daktari, yeye akinishona, wewe utakuwa wapi?"

"Nitasimama naye bega kwa bega. Mshono usiponiridhisha, ataufumua mbele yangu."

"Sasa hilo lilikushinda nini kuniambia? Mwili ni wangu!"

Daktari aliinamisha kichwa. "Nimekosa, mama. Nisamehe."

Mama alimgeukia Tadeo. "Haya, kijana. Wewe nishone."

Akashonwa. Siku chache baadaye mama aliachia ushuzi mkubwa, wauguzi wakapiga makofi: utumbo ulikuwa unafanya kazi! Ng'washi alicheka mpaka akalia.

"Hasira yako ilikuwa ya haki, mwanangu," mama alimwambia, "ila ulianza kwa kumfokea asiyestahili. Hakuna aliyezaliwa anajua kupasua. Anayekiri kwamba bado anajifunza, na anajituma, huyo mpe nafasi. Wa kumfokea ni yule anayekuficha ukweli. Sasa nenda kamwombe Tadeo radhi."